Salio Halilingani: Kutafuta Kosa Unapoingiza Taarifa za Benki na M-Pesa kwenye GnuCash

Duka la vifaa vya ujenzi Langoni hapa Lamu, nyumba ya wageni ya vyumba vitano Shela, na msimamizi wa majumba ya Wataliano kule Malindi: wote watatu wakianza kuweka hesabu kwenye kompyuta hufika mahali pamoja. Benki inasema salio ni hili, M-Pesa inasema lile, na programu ina lake la tatu. Lawama huangukia programu, hasa kwa kuwa haikulipiwa. Cha bure kitakuwa na nini?

GnuCash, KMyMoney na HomeBank ni programu huria za kuweka hesabu. Hulipii, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, na hesabu zako zinakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Lakini hazijui lolote kuhusu pesa zako ila kile kilichoandikwa kwenye faili unayozipa. Hesabu nyingi zilizovurugika nilizoziona huku pwani, kosa lilikuwa ndani ya faili, au katika namna faili ilivyoelezwa kwa programu. Kwa hiyo tunaanza na faili. Mifano ni ya GnuCash toleo la 5. Ukitumia nyingine, majina ya menyu yatabadilika lakini dalili ni zilezile.

Kwanza: je, faili yenyewe inalingana?

Pakua taarifa upya, uifungue kwa programu ya maandishi matupu kama Notepad. Usianze na Excel. Excel ikifungua faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zake zimetenganishwa kwa koma) hujiamulia mambo: namba inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake, namba ndefu ya rejea hugeuka kuwa kitu kama 1.23E+11, na tarehe hupangwa upya kufuata mipangilio ya Windows. Ukishabonyeza kuhifadhi, uharibifu huo umeandikwa ndani ya faili, na hakuna programu ya hesabu itakayourudisha.

Sasa chukua kalkuleta. Salio la kuanzia, ongeza yote yaliyoingia, toa yote yaliyotoka. Jibu lazima liwe salio la kufunga, hadi senti. Likikataa, usiguse programu kabisa. Kuna ukurasa umeachwa, au ulichagua tarehe vibaya wakati wa kupakua, au mistari imemezwa wakati PDF ilipogeuzwa kuwa jedwali.

Ikiwa faili inalingana na programu ndiyo isiyolingana, andika tofauti kwenye karatasi na uichunguze yenyewe. Igawe kwa mbili: ukiona muamala wa kiasi hicho hasa, umeingia upande usio wake, umeongezwa mahali pa kutolewa. Igawe kwa tisa: ikigawanyika bila baki, huenda mtu aliandika kwa mkono akapindua tarakimu, 5,400 ikawa 4,500. Tofauti ikiwa sawasawa na muamala mmoja, basi huo umekosekana au umeingia mara mbili. Na ikiwa ni pesa ndogo isiyoeleweka inayokua kila wiki, shuku ada kwanza.

Jambo moja nalikataza kabisa kwa kila ninayemsaidia: kuandika muamala wa "marekebisho" ili salio likubali. Programu itakuruhusu, hata itakurahisishia. Lakini hiyo ni kutia kalafati bila kujua maji yanaingilia wapi. Mwezi ujao pengo litarudi, na safari hii litakuwa limechanganyika na kiraka chako.

Salio la programu liko juu ya la M-Pesa, na pengo linakua

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote kwetu, maana tangu 2007 pesa nyingi za duka hupita kwenye simu kabla ya kuona benki.

Taarifa ya M-Pesa huja kama PDF iliyofungwa kwa neno la siri. Ifungue, kisha toa kufuli kwa programu huria iitwayo qpdf, na utoe jedwali lake kwa Tabula, ambayo nayo ni huria na inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila kupeleka taarifa yako kwenye tovuti ya mtu. Zile tovuti za "geuza PDF yako bure" ziepuke: unazipa majina, namba za simu na salio la kila mteja wako.

Jedwali likitoka lina namba ya risiti, muda, maelezo, hali ya muamala, zilizoingia, zilizotoka na salio. Angalia safu ya kwanza kwa makini. Ukimtumia mtu shilingi 1,000, mistari inayotokea ni miwili: mmoja wa 1,000, mwingine wa ada, tuseme 13. Na mistari yote miwili ina namba moja ya risiti.

Hapo ndipo mtego ulipo. Wengi hugeuza CSV hiyo kuwa OFX, kwa kutumia zana kama ofxstatement, ili programu iweze kutambua miamala iliyokwisha kuingizwa. OFX ni kiwango kilichotangazwa 1997 na Microsoft, Intuit na CheckFree, na kila muamala ndani yake hubeba utambulisho uitwao FITID, ambao hautakiwi kujirudia ndani ya akaunti moja. Programu inayokuta FITID ileile mara ya pili huchukulia kwamba muamala huo inao tayari, na kuuacha. Sasa mtu aliyeandika kigeuzi akachukua namba ya risiti kuwa FITID, kwa kuwa inaonekana ya kipekee, amezika ada zote. Shilingi 1,000 inaingia, 13 inatupwa kimyakimya. Duka linalotuma pesa za kiasi hicho mara ishirini kwa siku linapoteza shilingi 260 za matumizi kwenye vitabu kila siku, na mwisho wa mwezi mwenye duka anamtazama kijana wa kaunta kwa jicho baya bila sababu.

Tiba: FITID iundwe kwa namba ya risiti pamoja na kiasi, au risiti pamoja na neno linaloonyesha kuwa ni ada. Usitumie "mstari wa kwanza, mstari wa pili", kwa sababu mpangilio wa mistari unaweza kugeuka ukipakua taarifa ya kipindi kingine, na hapo utapata tatizo la kinyume, kila kitu mara mbili. Waliotumia Fuliza waangalie zaidi: mkopo nao huja na mstari wake chini ya risiti ileile, hivyo risiti moja inaweza kuwa na mistari mitatu.

Kuna sababu ya pili, ndogo lakini ya kuudhi. Maelezo marefu hukunjwa kwenye mistari miwili ya PDF, na kitoa-jedwali hudhani mstari wa pili ni muamala mpya usio na tarehe wala kiasi. Huo si wa kuogopa, GnuCash itauonyesha kama mstari wenye kasoro. Wa kuogopa ni ule ulioko juu kabisa ya ukurasa mpya, ambao wakati mwingine hauchukuliwi kabisa. Linganisha salio la mstari wa mwisho wa ukurasa na la mstari wa kwanza wa ukurasa unaofuata. Ukiona ngazi imerukwa, umeupata.

Matumizi yamegeuka mapato

Kiwango cha CSV kinachofuatwa na benki zote hakipo. Hilo likae kichwani. CSV ni maandishi yaliyotenganishwa kwa koma, basi. Kila benki hupanga safu inavyotaka, na nyingine hubadilisha mpangilio bila kumwambia mtu.

Benki moja itatumia safu moja yenye alama ya kutoa kwa pesa zilizotoka. Nyingine itatumia safu mbili, zote bila alama. Na kuna zile zenye safu mbili ambapo ya zilizotoka tayari ina alama ya kutoa, kama zilivyo taarifa nyingi za M-Pesa. Kwenye dirisha la kuingiza CSV, GnuCash hukupa uchaguzi wa kusema safu hii ni kiasi, na ile ni kiasi kilichogeuzwa alama. Ukiiambia igeuze alama ya kitu ambacho tayari kina alama, kutoa mara mbili ni kujumlisha. Umeme unakuwa mapato, kodi ya duka inakuwa mapato, na Lamu nzima hakuna tajiri kama wewe. Tofauti yake hugawanyika kwa mbili, na nusu yake ni jumla ya matumizi yote. Futa ulichoingiza, chagua safu upya, kisha hifadhi mpangilio huo kwa jina la benki ili usirudie kazi kila mwezi.

HomeBank ina tabia yake. Haikubali CSV ya benki ilivyo, inataka mpangilio wake wenyewe wa safu nane zilizotenganishwa kwa nukta-mkato. Ikikataa faili yako si kwamba faili ni mbovu.

Dalili hiyohiyo katika sura nyingine huwapata wenye akaunti za kampuni wanaopewa MT940. Huu ni muundo wa SWIFT, mtandao wa benki kupelekeana ujumbe, wa zamani lakini mgumu kuvunjika: kila taarifa ina salio la kuanzia kwenye alama ya :60F: na la kufunga kwenye :62F:, hivyo huwezi kudanganywa na ukurasa uliopotea. Miamala iko kwenye :61:, ambapo C ni pesa iliyoingia na D ni iliyotoka. Lakini kuna RC na RD pia. RC ni kufutwa kwa pesa iliyokuwa imeingia, kwa mfano hundi iliyorudi. Kigeuzi kilichoandikwa kwa haraka husoma C iliyo ndani ya RC na kuiongeza tena. Hundi ya 40,000 ikirudi, vitabu vyako vitazidi kwa 80,000. Tafuta RC kwenye faili kwa Notepad. Zikiwepo, hakikisha moja baada ya nyingine.

Ndugu yake mpya ni camt.053, ambao ni XML (maandishi ambayo kila kipande kina lebo yake) ya kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa kifedha, ISO 20022. Humo upande wa muamala umeandikwa wazi kwa neno zima, CRDT au DBIT, na kufutwa kuna alama yake ya pekee. Benki ikikupa uchaguzi kati ya CSV na camt.053, chukua camt.053 bila kufikiri mara mbili. GnuCash huisoma, na MT940 pia, kupitia maktaba ya programu iitwayo AqBanking.

Miamala imetawanyika mwaka mzima

Umeingiza mwezi mmoja, Aprili, lakini kuna miamala imeangukia Januari, mingine Oktoba, na kuanzia tarehe 13 yote imekataliwa. Hiyo haina siri: programu inasoma mwezi mahali pa siku. Benki zetu huandika siku kwanza, lakini kompyuta nyingi huja zikiwa na mipangilio ya Marekani. Chagua siku-mwezi-mwaka kwenye dirisha la kuingiza, ukiangalia orodha ya mfano iliyo chini kabla ya kuendelea.

Hatari zaidi ni faili fupi, ya wiki moja ya mwanzo wa mwezi. Hapo hakuna tarehe ya 13 wala zaidi, hakuna kinachokataliwa, na kosa hupita bila kelele. Faili za QIF, muundo wa zamani wa kubadilishana miamala, zina udhaifu huu zaidi ya nyingine, kwani muundo huo hausemi tarehe zake zimeandikwaje. Hausemi sarafu wala hauna utambulisho wa muamala pia. Ni mzee aliyefanya kazi yake. Ukiwa na njia nyingine, mpumzishe.

Ukiona miamala ya OFX iko nyuma kwa siku moja tu, tatizo ni saa. OFX huandika tarehe na saa, na pasipotajwa tofauti ya saa, huhesabiwa kuwa ya Greenwich. Benki ikiandika saa sita usiku ya saa za Kenya, na kompyuta yako imewekwa saa za New York, muamala wa tarehe mosi Machi utaonekana Februari. Weka kompyuta kwenye saa za Nairobi. Ukiwa hapo, angalia kama saa yenyewe ni sahihi. Kompyuta yenye betri ndogo ya ubaoni iliyokufa hurudi nyuma miaka kila inapozimwa, na itakuletea vituko vingine vya kukataliwa na tovuti za benki.

Shilingi 1,500 imesomwa kama moja na nusu

Hii ni dalili ya Malindi zaidi kuliko Lamu. Mwenye nyumba ameondoka msimu ulipokwisha, amemwachia msimamizi kompyuta yake, nayo imewekwa Kitaliano. Kwa Kitaliano koma ndiyo hutenganisha senti na nukta hutenganisha maelfu, kinyume na sisi. Kwa hiyo 1,500 inakuwa moja na nusu, na 1,500.00 inakataliwa. Huhitaji kubadilisha lugha ya kompyuta ya watu: dirisha la kuingiza CSV la GnuCash lina sehemu ya kuchagua kama senti zinatengwa kwa nukta au kwa koma. Chagua nukta.

Kisa kingine cha koma hakihusu lugha. CSV hutenganishwa kwa koma, na kiasi nacho kina koma ya maelfu. Ikiwa benki haikuzungushia kiasi alama za nukuu, 1,500.00 inakatwa vipande viwili, na kila safu inayofuata inasukumwa hatua moja kulia. Utaona kipande cha kiasi kikiwa kwenye safu inayofuata, lakini kwenye mistari ya maelfu tu. Mistari ya chini ya elfu iko sawa. Ukiona mchanganyiko huo, usitafute kwingine.

Na jina la mgeni Niccolò likiingia kama NiccolÃ², faili imeandika herufi zake kwa mfumo wa UTF-8 nawe unaisoma kwa mfumo wa zamani wa Windows. Kwenye dirisha hilohilo badilisha usimbaji. Pesa hazidhuriki, lakini mgeni akiletewa ankara yenye jina hilo ataona mmemdharau.

Kila kitu kiko mara mbili

Tenganisha aina mbili, maana tiba zake hazifanani.

Aina ya kwanza: akaunti moja, muamala mmoja, umeandikwa mara mbili. Umeingiza Januari hadi Machi, kisha Machi hadi Mei, na Machi imejirudia. Kwa OFX yenye FITID nzuri programu ingeruka ya pili yenyewe. Fungua faili zote mbili kwa Notepad, tafuta muamala uleule, ulinganishe FITID. Zikitofautiana, benki inaziunda upya kila unapopakua, na itabidi upakue vipindi visivyopishana: mosi hadi mwisho wa mwezi, basi.

Aina ya pili ndiyo inayodanganya watu wazima. Umetoa 20,000 kutoka M-Pesa ukapeleka benki. Taarifa ya M-Pesa inaionyesha kama iliyotoka, ya benki inaionyesha kama iliyoingia. Ukiingiza faili ya kwanza ukaiita "matumizi", kisha ya pili ukaiita "mapato", masalio yote mawili yatakuwa sahihi kabisa, hadi senti, huku mauzo ya duka yakiwa yamevimba kwa 20,000 na matumizi vilevile. Salio halitakuonya hapa. Ni mahali pekee katika mwongozo huu ambapo kalkuleta haisaidii.

Njia ni hii: unapoingiza faili ya M-Pesa, upande wa pili wa muamala huo uuelekeze kwenye akaunti ya benki. Ukija kuingiza faili ya benki, GnuCash itakuonyesha kwamba kuna muamala unaofanana nao. Usichague kuongeza, chagua kuoanisha. Tarehe zikipishana siku moja mbili kwa sababu ya Jumapili au sikukuu, oanisha kwa mkono.

Fedha taslimu za dukani zina kisa hichohicho. Umeshaandika mauzo ya siku kwenye akaunti ya sanduku la pesa. Jioni umekwenda kwa wakala ukaweka 15,000 kwenye simu. Hayo si mauzo mapya, ni pesa zilezile zimehama kutoka sandukuni. Wenye maduka wengi hulipa kodi ya ziada kwa kosa hili, kisha wanailaumu mamlaka ya mapato.

Akaunti iitwayo Imbalance-KES imetokea yenyewe

Hukuifungua wewe, programu imeifungua. GnuCash huweka hesabu za pande mbili: kila shilingi ina ilikotoka na ilikokwenda. Muamala usio na upande wa pili hutupwa humo. Si hitilafu, ni kikapu cha kazi isiyokwisha. Pitia kimoja kimoja ukivipeleka mahali pake mpaka kikapu kiwe sifuri. Ikiwa jina linaishia na EUR au USD, muamala umeingia kwenye sarafu usiyoikusudia. Angalia kama faili ya OFX imetaja sarafu sahihi kwenye CURDEF.

Programu hujifunza kutoka kwa maamuzi yako. Inahesabu maneno ya kwenye maelezo na kukisia akaunti. Kwa malipo ya bili hufanya vizuri, maana mstari wa Kenya Power una namba 888880 na jina la kampuni. Kwa pesa zinazotumwa kwa watu hufanya vibaya, kwa sababu kila mstari huanza na maneno yaleyale ya kutuma kwa mteja. Ukishapeleka malipo mengi ya wavuvi kwenye akaunti ya samaki, kesho hela ya fundi wa mabomba nayo itapelekwa samaki. Kwenye menyu ya zana kuna kihariri cha kumbukumbu hizi. Futa maneno ya jumla yaliyojaa, kisha uache majina ya watu yafanye kazi.

Umeme ulikatika, sasa faili haifunguki

GnuCash inasema faili inatumiwa na mtu mwingine. Hakuna mtu. Ilipofunguliwa iliweka kando faili ndogo ya kufuli inayoishia .LCK, na umeme ulipokatika haikupata nafasi ya kuiondoa. Hakikisha kweli hakuna dirisha jingine, kisha uchague kuifungua hivyohivyo. Miamala ya dakika za mwisho ikiwa imepotea, tazama folda ileile: kuna nakala zenye tarehe na saa ndani ya majina yake, na kuna faili za kumbukumbu zinazoishia .log. Fungua nakala ya mwisho iliyo nzima, halafu kwenye menyu ya kuingiza chagua kurudia kumbukumbu hiyo. Fanya hivyo kabla hujaandika kitu kipya.

Lakini ikiwa kaka yuko Malindi na wewe uko Lamu, nanyi mnagawana faili moja kupitia hifadhi ya mtandaoni, onyo la kufuli lichukulie kwa uzito. GnuCash haikutengenezwa kwa watu wawili kuandika kwa wakati mmoja. Mmoja atahifadhi juu ya mwenzake, na kazi ya siku nzima itakwenda bila ujumbe wowote. Pigianeni simu, afunge mmoja ndipo afungue mwingine.

Viwango vya euro havijisasishi

GnuCash huchukua bei za sarafu mtandaoni kupitia programu-saidizi Finance::Quote, ambayo kwa sarafu kwa kawaida inahitaji ufunguo wa Alpha Vantage, kampuni inayotoa bei hizo, ambao unajiandikisha kuupata na kuuweka kwenye mipangilio. Kwa nyumba ya wageni ninaona ni usumbufu wa bure. Andika kwa mkono kiwango ambacho benki ilikubadilishia siku hiyo. Hicho ndicho kilichoingia mfukoni.

Benki ya Ujerumani inakataa kuunganishwa

Malindi na Watamu kuna wenye nyumba Wajerumani, na baadhi yao hutaka msimamizi aone malipo yanavyoingia kwenye akaunti ya kwao. Ujerumani wana kitu ambacho sisi tungekitamani: kiwango cha pamoja cha programu kuzungumza na benki moja kwa moja. Kilianza miaka ya 1990 kwa jina la HBCI, na 2002 kikaitwa FinTS, toleo la 3.0. GnuCash na KMyMoney hukitumia kupitia AqBanking, na Hibiscus ni programu huria nyingine ya kazi hiyo.

Ikikataa, soma namba ya jibu kwenye kumbukumbu. Zinazoanza na 0 ni sawa, na 3 ni onyo, na 9 ni kosa. Watu huhangaika na zile za 3 wakati iliyovunja kazi ni ya 9 mistari miwili chini. Chanzo cha kawaida ni uthibitisho: tangu 14 Septemba 2019, kwa sheria ya malipo ya Ulaya PSD2, orodha za karatasi za namba za siri zimekwisha, na programu kongwe iliyowekwa kabla ya hapo haiwezi tena kuingia. Isasishe kwanza. Halafu uulize ile namba ya uthibitisho inatumwa wapi. Ikiwa inakwenda kwa simu ya Ujerumani iliyozimwa, utasubiri mpaka msimu urudi.

Kwa maoni yangu msimamizi asikae na neno la siri la benki ya mtu, hata akipewa kwa moyo mweupe. Mwenye akaunti apakue camt.053 kila mwezi aitume. Utaiingiza kwa dakika mbili, na hakuna atakayekuuliza baadaye ni nani aliyehamisha pesa.

Ukikwama na kuomba msaada

Anayekusaidia anahitaji kuona mistari yenyewe, picha ya skrini haitoshi. Lakini usimtumie taarifa nzima. Nakili mistari michache, ikiwemo ile yenye shida, pamoja na salio la kabla na la baada. Taja toleo la programu, lugha ya kompyuta, na jinsi ulivyochagua tarehe na safu. Majina na namba za simu zibadilishe kwa herufi x, ukiacha koma, alama za kutoa na nafasi zilivyo, kwani huenda kosa limejificha humo. Namba za risiti nazo zibadilishe, ila mistari iliyokuwa na risiti moja uiachie risiti moja.